Ramani za viwanja ndizo zinazowagawa wanafunzi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na madiwani wa Jiji la Mbeya, pamoja na wenzao wa Iringa, Njombe na miji mingine ya Nyanda za Juu Kusini, kuhusu jambo ambalo halmashauri zetu hulijadili katika vikao viwili visivyokutana. Kamati ya mipango miji hupitia ramani za viwanja, na kamati inayoshughulikia elimu hujadili ufaulu, madawati na uhaba wa vyumba vya madarasa. Hoja yangu ni kwamba kamati ya kwanza ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya matatizo ambayo ya pili huja kuyalalamikia, kwa sababu mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida huandikishwa karibu na anapoishi, na mahali anapoishi huamuliwa na bei ya kiwanja au kodi ya pango ambayo mzazi wake anaimudu.

Mji wetu ulizaliwa ukiwa umekwisha kugawanywa. Mkoloni alitenga Uzunguni, Uhindini na makazi ya Waafrika kwa makusudi, na shule nazo zikafuata rangi ya ngozi hadi ubaguzi huo ulipofutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Kule Iringa, majengo ya St Michael's and St George's, shule ya bweni iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, yaligeuzwa kuwa Sekondari ya Mkwawa na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mageuzi ya shule yalikwenda haraka, lakini ya ramani ya mji hayakwenda hivyo. Viwanja vikubwa vilibaki vikubwa na vidogo vikabaki vidogo, na mgawanyo uliokuwa wa rangi ukawa wa kipato. Hata ile njia moja iliyokuwa ikimwezesha mtumishi wa ngazi ya kawaida kuishi jirani na bosi wake, yaani nyumba za serikali, ilibanwa sana pale nyumba nyingi zilipouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Si kweli kwamba hatujawahi kujaribu kufanya vinginevyo. Katika miaka ya 1970, Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mwanza, kupata mradi wa viwanja vyenye huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Iringa ikafuata katika awamu ya pili. Viwanja vilipimwa, barabara na maji vikapelekwa, na Benki ya Nyumba ikawa tayari kukopesha. Mradi ule ulikuwa na kasoro zake, ikiwamo wenye nacho kununua viwanja vilivyokusudiwa wanyonge, lakini ulianza na swali sahihi: mtu wa kipato kidogo atajenga wapi? Benki ile ilianguka katikati ya miaka ya 1990, na swali lenyewe likasahaulika pamoja nayo.

Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 385,279 katika jiji hili, na ile ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao zaidi ya laki moja na nusu wamepata pa kulala kwa njia mbili. Wenye fedha taslimu wamenunua viwanja vilivyopimwa pembezoni, ambavyo huuzwa kwa mita ya mraba, hulipiwa kwa muda mfupi, na huambatana na masharti ya kuendelezwa ndani ya miezi 36. Waliobaki, yaani bodaboda, mama lishe, kibarua wa ujenzi na muuza ndizi wa Mwanjelwa, ambao hujenga chumba kimoja mwaka huu na kingine wakijaliwa, wamejazana kwenye miteremko isiyopimwa au kwenye vyumba vya kupanga. Kwa mpangaji hali ni ngumu zaidi, kwani tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ilipofutwa mwaka 2005, hana ngao dhidi ya mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Akishindwa anahama mtaa, na mtoto anahama shule katikati ya muhula. Mwalimu humwona kama mtoro, kumbe ni mtoto wa mpangaji.

Mwaka jana nilihudhuria mikutano ya wazazi katika shule mbili za msingi za serikali jijini hapa, moja nikiwa mzazi na nyingine nikiwa mlezi wa mtoto wa dada yangu. Ajenda ilikuwa ileile: mchango wa mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana. Katika shule ya kwanza, iliyo kwenye mtaa wa wafanyakazi, mama mmoja mhasibu alisimama akataka kuona stakabadhi za muhula uliopita, afisa afya akauliza matundu ya vyoo yamefikia mangapi, na mzazi mwingine ambaye ni mkandarasi akaahidi lori la kokoto, na lori likaja. Katika shule ya pili, baadhi ya akina mama waliingia na mabeseni yao ya biashara wakayaweka chini ya madawati, mwalimu mkuu akasoma kiwango cha mchango, wakaitikia, wakaondoka kuwahi wateja. Hakuna aliyeuliza chochote. Wazazi hawa wanawapenda watoto wao kama wale wa kwanza, ila saa moja ya mkutano huwagharimu fedha ya mboga ya jioni, na wengi hawaamini kwamba swali lao litajibiwa.

Serikali huzipa shule hizo mbili ruzuku ya uendeshaji kwa kiwango kilekile, Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka chini ya mpango wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Tofauti inaletwa na nani amekaa kwenye lile benchi la wazazi, na hiyo haigawiwi na Hazina bali na ramani ya viwanja.

Nafahamu nitaambiwa kwamba wenye uwezo watawapeleka watoto wao shule binafsi hata tukichanganya mitaa namna gani. Baadhi yao, ndiyo, na mabasi ya njano tunayapisha kila alfajiri. Lakini mimi simwazii tajiri. Namwazia muuguzi, askari, karani na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambao bado wanapima kati ya shule ya serikali iliyo jirani na ada ya shule binafsi inayowatoa jasho. Hao wakiondoka, shule imebaki bila wa kuhoji. Ndiyo maana siridhishwi na halmashauri zinazoanzisha shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zinazotoza ada, zikiwa mali ya umma. Sipingi lugha, napinga umma kujenga kwa mikono yake ukuta uleule uliovunjwa mwaka 1962.

Wapo waliolifanyia jambo hili kazi. Kaunti ya Montgomery katika jimbo la Maryland, Marekani, ina sheria tangu miaka ya 1970 inayowataka wajenzi wa makazi makubwa kutenga sehemu ya nyumba kwa familia za kipato cha chini, na mamlaka ya nyumba ya kaunti hununua baadhi yake na kuzipangisha kwa wenye kipato kidogo zaidi. Mtafiti Heather Schwartz alifuatilia wanafunzi wapatao 850 wa familia hizo kati ya 2001 na 2007, na katika ripoti yake ya 2010 alionyesha kuwa waliosoma katika shule zenye wanafunzi wachache maskini waliwazidi wenzao waliosoma katika shule zenye umaskini mwingi, ingawa hizo za pili ndizo zilizoongezewa fedha. Hatuna utajiri wa kaunti ile, wala nyumba zetu hazijengwi na kampuni kubwa. Sisi hata hivyo tuna kitu ambacho wao hawana: ardhi yetu ni ya umma, na anayepima na kugawa viwanja vya miradi mara nyingi ni halmashauri yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kila mradi mpya wa viwanja, iwe kuelekea Isyesye, Iganjo au Iwambi, uchanganye viwanja vya ujazo wote, yaani vikubwa vya ujazo mdogo na vidogo vya ujazo mkubwa, ndani ya mtaa mmoja, na shule iwekwe katikati yake, badala ya kutenga eneo zima la ujazo mdogo upande mmoja wa korongo. Viwanja vidogo viuzwe kwa awamu za miaka kadhaa, na muda wa kuendeleza uendane na kasi ya mtu anayejenga kwa kuunga. Pale penye shule ya umma inayotoza ada, nafasi zitengwe bila ada kwa watoto wa kata husika. Wabunge wetu nao waitazame upya kodi ya majengo, ambayo kwa kiwango cha 2023 hukata Sh 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba yoyote ya kawaida isiyo ya ghorofa, iwe ya vyumba viwili kule Mabatini au ya vyumba saba yenye bustani na geti la umeme.

Mwisho, ramani za miradi ijayo zibandikwe kwenye ofisi za kata kabla ya kupitishwa, zikionyesha mahali pa shule na idadi ya viwanja vya kila ujazo, na kamati zile mbili zikae pamoja kusikiliza maoni ya wakazi.

Mzazi na mkazi wa Ilomba,
Mbeya