Barua kwa mdogo wangu kuhusu vidonge vya maji vya Mama

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima hapo Mombasa. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza na watoto hawataki kutoka kitandani asubuhi. Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie picha ya miguu yake nimeiona, na pia nimefurahi kusikia kwamba sasa analala na mto mmoja, sio mitatu kama mwezi ule.

Picha ya boksi la dawa nayo nimeipata. Uliniuliza, "Hii ni nzuri?" Nimeona bora nikuandikie kwa kituo kuliko kukutumia sauti ya WhatsApp, maana sauti utaisikiliza mara moja kisha ifunikwe na salamu za kundi la familia. Hii ichape uibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa.

Dawa ni nzuri. Wodini kwangu, wodi ya wagonjwa wa moyo, dawa za jamii hii tunazigawa kila asubuhi. Lakini haitaki kumezwa tu na kusahauliwa, na kwa maelezo yako sioni kama kuna aliyewafundisha namna ya kuiangalia.

Tazama boksi tena. Utaona majina mawili na nambari mbili, 5 na 50. Yaani ndani ya kila kidonge mna dawa mbili: miligramu 5 za amiloridi na miligramu 50 za haidroklorothiazidi. Wengi kwetu huijua kwa jina la Moduretic, hata kama boksi limeandikwa jina la kampuni nyingine.

Figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, na tunachokojoa ni lita moja au mbili tu. Maji hayo hurudi kwa kuifuata chumvi. Moyo ukichoka kusukuma, kama wa Mama, mwili hushika chumvi kuliko inavyotakiwa, maji yakaifuata, yakateremka miguuni na mengine yakaingia mapafuni. Ndiyo maana alikuwa hawezi kulala chali. Haidroklorothiazidi huizuia figo isirudishe sehemu ya ile chumvi, basi ikatoka kwenye mkojo pamoja na maji. Shida yake ni kwamba hutoka na potasiamu pia. Amiloridi imewekwa kwa ajili hiyo: inafanya kazi mbele zaidi kwenye mrija wa figo, yenyewe inatoa maji kidogo tu, lakini inaziba njia ya kupotezea potasiamu.

Kwa hiyo dawa moja inamwaga potasiamu na mwenzake anaizuia. Watu husikia hivyo wakadhani kidonge kinajisawazisha chenyewe. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hakijisawazishi. Kwa mtu mmoja potasiamu itashuka, kwa mwingine itapanda, na mwenye umri wa Mama, mwenye sukari, ambaye figo zake zimeshaanza kupungua nguvu, mara nyingi ndiye wa kupanda.

Potasiamu ndiyo inayosaidia moyo upige kwa mpangilio. Kwenye damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Ikishuka sana, mapigo huvurugika. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Wodini ikifika 6 hakuna anayekaa kitako. Na ubaya wake ni kwamba huweza kupanda mtu asihisi chochote. Wengine husikia miguu kuwa mizito, ganzi, au moyo kurukaruka, lakini wengine wanapiga soga na chai mkononi huku majibu ya maabara yanatutisha sisi. Kwa macho hutaijua. Utaijua kwa kipimo cha damu peke yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni swali: Mama alipimwa damu lini? Kipimo chenyewe ni cha figo na madini, na kwenye karatasi tafuta mistari mitatu: potasiamu, sodiamu na kreatinini, yaani uchafu wa damu unaoonyesha figo zinachujaje. Kilitakiwa kufanywa kabla ya kuanza dawa, kirudiwe baada ya wiki moja au mbili, kirudiwe tena kila dozi inapobadilishwa au dawa nyingine inapoongezwa, na baada ya hapo kila miezi kadhaa kama daktari atakavyoona. Karatasi zote ziweke kwenye faili moja. Daktari akiona nambari za zamani pembeni ya mpya anaelewa mengi ambayo nambari moja haimwambii.

Sasa kuna jambo lililonishtua kwenye picha yako. Nyuma ya boksi nimeona kopo la losatani. Losatani ni dawa nzuri ya presha na hata ya moyo, lakini nayo huzuia potasiamu isitoke mwilini. Mama basi ana dawa mbili zinazozuia na moja inayomwaga. Madaktari huzichanganya kwa makusudi wakati mwingine, ila kwa kupima damu mara kwa mara. Je, aliyemwandikia hivi vidonge vya maji alijua kuhusu losatani? Usimwachishe dawa yoyote wewe mwenyewe. Chukua mfuko mzima, kila kidonge kilichomo nyumbani pamoja na dawa za mitishamba anazoletewa na jirani, umwage mezani kwa daktari. Hilo lifanyike wiki hii. Muulize pia kama dozi ya kidonge kizima ndiyo aliyoikusudia, maana wazee wenye moyo dhaifu mara nyingi huanzishwa nusu.

Na yale magoti yake. Najua ananunua diklofenaki dukani bila cheti, nawe ndiye unayetumwa. Usiende tena. Diklofenaki na ibuprofeni humfanya mtu ashike maji, zikaipinga dawa yenyewe, na zikikutana na losatani na dawa ya maji kwa pamoja huzibana figo mpaka zinaweza kufeli kwa siku chache. Nimeuguza watu waliofika kwetu kwa njia hiyo, wazee waliokuwa wakitembea wenyewe juma lililotangulia. Magoti yakiuma apewe Panadol kwa kipimo kilichoandikwa, na apakwe kitu cha kuchua ambacho daktari amekikubali.

Mwingine wa kuogopwa ni Septrin. Kwetu kila mkojo ukichoma mtu hukimbilia Septrin, na ndani yake mna dawa inayozuia potasiamu kwa njia ileile ya amiloridi. Akipata maambukizi ya mkojo, mwambieni daktari wazi kwamba anatumia vidonge hivi ili amchagulie kingine.

Madafu, ndugu yangu, nimeyafikiria sana. Najua daima mtu akiumwa kwetu anapelekewa madafu, na Mama anayapenda tangu zamani. Lakini dafu limejaa potasiamu, na akinywa mawili matatu kwa siku juu ya dawa hizi, tunacheza na moyo wake. Ndizi, tende, parachichi na maharagwe navyo vinayo. Sisemi avikose maisha. Ale kwa kiasi, asifululize, na madafu yasimame kabisa mpaka tuone majibu ya damu. Shangazi wa Maskati naye alitaja kumletea ile chumvi maalumu ya wenye presha. Mshukuru, lakini isiingie jikoni: chumvi za aina hiyo nyingi hutengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu.

Chumvi ya kawaida nayo inahitaji maneno. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, tena kwa kila kitu alichokula siku hiyo. Papa mkavu, ng'onda, achari ya ndimu na vile vidonge vya kuungia mchuzi vinamaliza kijiko hicho kabla mtu hajagusa kikopo cha chumvi. Mama akila papa Ijumaa halafu Jumapili ukaona miguu imejaa, usikimbilie kumwongezea kidonge. Ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili vinatosha kuupa mchuzi ladha.

Kidonge apewe asubuhi, ili asiamshwe na mkojo usiku akaanguka njiani kwenda chooni. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndiyo asimame, maana dawa hizi hushusha presha. Nunua mzani. Kila asubuhi apimwe akishatoka chooni, kabla ya chai, akiwa na dera moja tu, na uandike kwenye daftari. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, mpigie daktari hata kama miguu inaonekana sawa. Ukishuka haraka naye akawa na kizunguzungu na kinywa kikavu, pia mpigie, pengine dawa imezidi. Na ukimwona anachanganyikiwa, anasahau siku, anasinzia mchana kutwa, usiseme ni uzee. Huenda sodiamu imeshuka, na dawa hii inaweza kuishusha, hasa kwa wanawake wazee.

Akiharisha, akitapika, au akipata homa asile wala asinywe vizuri, daktari aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu kumeza dawa ya kutoa maji huku mwili umeshakauka ndiko kunakoangusha figo. Muulize daktari mapema, wakati Mama ni mzima, dawa zipi zisimamishwe siku kama hizo na zirudishwe lini. Muulize na kuhusu Ramadhani kabla haijafika, kama anaweza kufunga na dawa zihamishiwe saa ngapi. Mama atasema amefunga miaka yote. Mwambie daktari ndiye atakayesema, na aliyeumwa ameruhusiwa.

Sukari yake ipimeni mara nyingi zaidi, kwani haidroklorothiazidi huweza kuipandisha. Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla kikawaka moto, huenda ni gauti, nayo huletwa na dawa hiyohiyo.

La mwisho linanihusu sana. Umeniandikia kwamba mke wa binamu ameomba vidonge viwili kwa sababu naye miguu imemvimba. Huyo ni mjamzito! Asipewe hata nusu. Mimba ikivimbisha miguu na uso, kinachotakiwa ni kupimwa presha na mkojo kliniki leo, sio kesho, kwa sababu inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na vidonge vya maji havikizuii. Kila mguu uliovimba una sababu yake. Jirani anayetumia amlodipini ya presha anaweza kuvimba vifundo kwa sababu ya amlodipini yenyewe, na kidonge cha maji hakitamfaa sana. Wa mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma anaweza kuwa na damu iliyoganda. Pwani yetu kuna matende, ambayo ni minyoo kwenye mishipa ya limfu. Na wale wasichana wanaomeza vidonge hivi wapungue wanapoteza maji na chumvi, mafuta yapo palepale. Funga kabati, funguo ukae nao wewe.

Mama akishindwa kupumua akilala, akizimia, akisikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila mpangilio, mpelekeni hospitali moja kwa moja. Msinisubiri niamke, huku kwetu saa ziko nyuma.

Pesa ya kipimo na ya mzani nimekutumia kwa M-Pesa. Nitumie picha ya majibu yakitoka, upande wote wa karatasi, na tarehe ionekane. Wasalimie shangazi, binamu na majirani wote. Mama akikataa kutolewa damu, kama ninavyomjua, nipigie ukiwa palepale maabara nizungumze naye mwenyewe.

Ni mimi dadako