Puti haiui kutu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala yenu ya magari ya zamani, pale mliposema kutu kwenye bodi ukiipiga msasa, ukajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi unaoganda, na kupiga rangi basi kazi imeisha. Hapana jamani. Mimi nilifanyiwa hivyo hivyo na fundi kwenye Volkswagen Beetle yangu ya 1968, gari ikatoka inang'aa nikafurahi kweli, mwaka haujaisha rangi ikaanza kututumka chini ya mlango, vilengelenge vidogo vidogo, nikagusa na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Puti inanyonya unyevu, na kutu iliyobaki nyuma yake haijafa, inaendelea kula bati taratibu. Halafu kutu nyingi haianzii pale unapoiona, inatokea ndani, kwenye mlango ambao vitundu vyake vya kutolea maji vimeziba na matope, au chini ya kapeti. Kwenye Beetle inua siti ya nyuma uangalie upande wa kulia, betri inakaa pale na asidi yake imetoboa sakafu nyingi sana.

Dawa ni kukata. Unakata mpaka ufike kwenye bati zima linalong'aa, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya ulivyodhania na roho ikakuuma, ndo unatengeneza kiraka cha bati la unene uleule, magari mengi ni kama milimita 0.8 hadi 1, na kiraka kikae ukingo kwa ukingo na bodi, kisilaliane, maana palipolaliana maji yanatuama katikati na kutu inarudi palepale. Kuchomelea nako usivute mstari mmoja mrefu, weka nukta hapa, hamia mbali kule, subiri papoe, la sivyo joto linalivuta bati linakuwa mawimbi na hapo ndo watu wanarudi kwenye puti ya unene wa kidole. Fundi wangu wa pili alitumia siku nzima kwa kiraka cha viganja viwili tu. Nilikaa pembeni namwangalia, kila baada ya nukta chache anagusa bati kwa mgongo wa mkono, akisikia limepoa ndo anaendelea. Ile kazi mpaka leo haijatoa hata doa.

Kubadilisha kipande kizima inategemea ni kipi. Madigadi ya Beetle yamefungwa kwa bolti, unafungua unafunga mengine, usisahau tu raba inayokaa katikati ya digadi na bodi. Ila lile boksi refu la chini ya mlango, linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, lile ndo linashikilia bodi isilegee, ukilikata bila kwanza kuchomelea paipu za kukaza kwenye uwazi wa mlango bodi inalala na milango haitafunga tena sawasawa. Na kipande kipya kijaribishe kwanza na mlango ukiwa umefungwa, kabla ya moto, sababu vingine havikai sawa kabisa. Cha zamani usikitupe mpaka umalize, hicho ndo kipimo chako.

Ninachoomba toleo lijalo mrekebishe, na mwambieni anayetaka kununua gari la zamani abebe sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa laini, aipitishe chini ya milango na kuzunguka matairi, penye puti nene haitashika. Kwa Land Rover za zamani hiyo haisaidii, bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, huko aingie chini na nyundo ndogo agonge chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, polepole kuanzia nyuma, penye chuma kizima panalia, palipooza panatoa mlio mfu na vumbi jekundu linamdondokea usoni.

Msomaji wenu