Fimbo Zilizo Uvunguni

Mombasa,
Tarehe 14 Juni.

Sahibu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, ila pepo za kusi zimeshika kasi, na mpira ukipigwa kuelekea baharini hurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Shemeji amenieleza kwamba fimbo zako za gofu zimo uvunguni tangu Jumamosi ile, na kwamba ukiulizwa unasingizia mgongo. Mgongo wako naujua, ni mzima kuliko wangu. Kilichokuumiza ni kwamba uliukosa mpira mara mbili mfululizo mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao, na yule kedi kijana, mbeba mfuko wako wa fimbo, akainamisha kichwa ili usimwone akicheka. Sisemi haya kwa kukudhihaki, kwa maana mimi siku yangu ya kwanza niliukosa mara tatu, na mara ya nne nikang'oa bonge la majani lililokwenda mbali kuliko mpira wenyewe.

Hofu ya kushindwa katika mchezo huu ina ubaya wake wa pekee, nao ni kwamba humfanya mtu ashindwe kwa namna ileile aliyoiogopa. Kwenye kandanda mpira hukujia mbio nawe huna nafasi ya kuwaza, lakini huu wetu, usiofika hata gramu 46, umetulia tu ukikungoja, na katika kimya kile hofu hupata pa kukaa. Aliyeshikwa na hofu hukaba fimbo kama aliyemkamata mwizi, mabega yakakakamaa, mkono ukashuka kwa pupa, na kabla fimbo haijaufikia mpira yeye ameshainua kichwa kutazama unakokwenda, ilhali bado uko palepale miguuni pake.

Mwalimu wangu, mzee aliyeingia gofu kwa kubeba mifuko ya wachezaji, hakunihubiria ujasiri. Alininyang'anya fimbo ndefu kwa wiki sita, akaniweka hatua moja kutoka shimoni, nami nikawa nausukuma mpira uingie, kisha hatua mbili, kisha tano, mpaka masikio yangu yakazoea ule mlio wa mpira unaotumbukia. Tulikuwa tukienda alfajiri, wakati uwanjani hakuna mtu ila wakata majani. Nilipoanza kujiamini, siku moja akaja na wazee wenzake watatu, akawaketisha nyuma yangu na birika la kahawa, akaniamuru nipige. Nilipiga vibaya sana. Wazee wakaendelea na mazungumzo yao ya bei ya samaki, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba yale macho niliyoyaogopa hayakuwa yakinitazama hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo laiti ningelijua mapema. Sheria za gofu zenyewe zinamtarajia mtu akosee. Ni kweli kwamba ukirusha fimbo kwa nia ya kuupiga mpira ukaukosa, hilo ni pigo na litahesabiwa. Lakini mpira ukianguka kutoka kwenye kijiti chake kabla hujaanza kupiga, unaurudisha bila adhabu. Handikapu, yaani mapigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ya juu kabisa ni 54, maana yake mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo katika mashimo 18. Na kwa mtu kama wewe ambaye bado hana handikapu, alama zake zinapowasilishwa, shimo moja halihesabiwi zaidi ya mapigo matano juu ya kipimo chake, yaani idadi ya mapigo yanayotarajiwa kwa shimo hilo, hata kama alipiga ishirini. Kwa hiyo aibu uliyoibeba mpaka nyumbani ilikwisha kuwekewa mpaka kwenye hesabu.

Wala usidhani mabingwa wamesalimika. Mwaka 2011 mcheza gofu Rory McIlroy, akiwa na umri wa miaka 21, aliianza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters pale Augusta, Marekani, akiongoza kwa mapigo manne, akapiga jumla ya mapigo 80, mengi mno kwa bingwa, na dunia nzima ikimwona akiupeleka mpira kati ya miti na vibanda kwenye shimo la 10. Miezi miwili baadaye alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani kwa tofauti ya mapigo manane. Ubingwa wa Augusta yenyewe haukumjia hadi 2025, na hata siku hiyo alitumbukiza mpira majini kwenye shimo la 13, kisha akakosa pigo la karibu kwenye shimo la 18, ikabidi aingie katika mchezo wa ziada wa kuvunja sare ndipo ashinde. Mimi hupenda kulikumbuka lile kosa la shimo la 18 kuliko kombe lenyewe, kwa sababu lilikuwa la umbali ambao hata mimi huingiza nikiwa peke yangu alfajiri.

Njoo basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulale kwangu, tuamke pamoja na wakata majani. Beba fimbo fupi mbili tu, hizo ndefu ziache hukohuko uvunguni. Mzee nimekwisha kumwambia, ameniuliza kitu kimoja tu, kama unakunywa kahawa chungu.

Wako akupendaye,
Sahibu yako wa pwani