Kabla hujatoa hela ya rilei

Arusha, Unga Limited
Jumapili jioni

Fundi mwenzangu,

Salamu nyingi. Natumaini huko Moshi mlima umejitokeza na wenye magari ya watalii wanalipa kwa wakati. Umeuliza ni duka gani la kutegemea huku Kaskazini kwa vifaa vya ile Land Cruiser: betri ya pili, friji, chaji za simu kwenye viti na taa za juu. Duka moja la kila kitu halipo. Anayekuambia anacho chote, sehemu ya hicho chote ni feki, na mara nyingi hata yeye hajui ni sehemu ipi. Gawa orodha yako kwa aina ya kifaa. Kinachobeba mkondo mkubwa kinunue pale utakaporuhusiwa kukijaribu. Vya silikoni, yaani chipu, dayodi na transista, vifuate kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda. Konekta, yaani viungio vya waya, zifuate kwa wachinja magari, wale wanaokata magari yaliyotumika na kuuza spea zake.

Ukienda dukani beba kifuko chenye vitu hivi: maltimita (mita ya kupimia umeme), betri ya pikipiki ya volti 12, balbu moja ya H4 ya taa kubwa ya gari, kisu, kiberiti cha gesi na sumaku ndogo. H4 ina nyuzi mbili, ya wati 55 na ya wati 60. Ukiwasha moja unapata mzigo wa ampea 4 na nusu hivi, ukiwasha zote mbili unapata kama ampea 9. Mzigo wa ampea 9 usiushikilie muda mrefu, balbu inachemka na betri ndogo inachoka. Muuzaji akikataa usipime kitu mezani kwake, mshukuru uende zako. Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" wala si tatizo, ilimradi umepima kabla ya kulipa.

Anza na waya, maana hapo ndipo wengi wanapigwa. Soko limejaa waya wa aluminiamu uliopakwa kopa kwa juu, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Menya ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukikuta weupe ndani ya wekundu, ni aluminiamu. Kinyume chake, weupe juu na wekundu ndani, ni kopa iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri kuliko kopa tupu hasa kwa gari linalovuka matope. Halafu uweke uzi huo kwenye moto wa kiberiti. Kopa huwa nyekundu na kubaki imesimama, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, kwa hiyo uzi mwembamba hulegea, hujikunja au hukatika. Ukitaka uhakika wa mwisho, omba mita 10 za waya wa milimita za mraba 1.5 na uwashe wati 55 kupitia urefu wote. Pima volti kati ya mwanzo na mwisho wa waya. Kwa kopa kamili utasoma nusu volti, au 0.6 hivi. Ukisoma 0.8 au 0.9, waya ni mchanganyiko, au unene ulioandikwa kwenye ganda ni wa uongo. Kwa friji inayokata umeme betri ikishuka, tofauti hiyo ndiyo itakayomfanya mteja akwambie friji mbovu, kumbe waya.

Usikubali waya wa nyumba. Ule wa uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko, na ganda lake la kawaida limetengenezwa kwa nyuzi joto 70, wakati karibu na injini unahitaji la 105 au zaidi. Kwa gari hilo moja chukua mita 20 za 1.5 kwa taa ndogo na ishara za swichi, mita 15 za 2.5 kwa chaji na taa za juu, na mita 8 za 6 kwa friji, kwenda na kurudi. Kebo ya betri kwa betri pima kwa kamba kwanza, kisha ongeza nusu mita.

Fyuzi ni kifaa cha bei ndogo ambacho watu huona aibu kukijaribu. Iondoe aibu hiyo. Nunua fyuzi mbili za ampea 5, zile za kahawia hafifu, na kwenye moja pitisha nyuzi zote mbili za balbu. Ampea 9 kwenye fyuzi ya 5 inapaswa kuikata ndani ya sekunde chache. Ikishikilia nusu dakika huku plastiki inalainika, paketi nzima iache hapo hapo. Fyuzi ya hivyo haiwezi kuulinda waya, maana waya utawaka kabla yake. Na usijaribu moja ukanunua kwenye boksi jingine.

Rilei ni swichi inayovutwa na koili ya umeme. Zipime omu kati ya miguu yenye namba 85 na 86, ndiyo ya koili. Rilei ndogo ya kawaida ya volti 12 husoma kama omu 80 au 90, yaani inakula miliampea 150 hivi. Ukisoma zaidi ya 300, umepewa ya volti 24, na huku Arusha zinachanganywa sana kwa sababu ya Fuso. Nyingine zina dayodi ndani, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu: hizo 86 iende chanya na 85 hasi, na ukigeuza unachoma fyuzi au mosfeti (transista inayotumika kama swichi) inayoiendesha. Usiamini "40A" iliyoandikwa mgongoni. Washa koili, pitisha ampea 9 kati ya miguu ya 30 na 87, upime volti juu ya kontakti. Ya kueleweka inakuwa chini sana ya volti 0.1. Kwa gari hilo chukua nne, na ya tano iwe ya akiba kwenye droo ya dereva.

Betri ya pili inahitaji kifaa cha kuiunganisha na ya kwanza injini ikiwaka na kuitenganisha ikizimwa, na hapo kuna mtego. Utauziwa solenoidi ya stata, ile swichi kubwa ya koili ya kuwashia injini, kwa maelezo kwamba "inabeba ampea 200, fundi". Inabeba kweli, lakini kwa sekunde za kuwashia gari tu. Kifaa cha kutenganisha betri kinakaa kimewaka safari nzima kutoka Arusha hadi Serengeti, kwa hiyo koili yake lazima iwe ya kazi ya mfululizo. Pima omu: ya stata husoma 3 hadi 5, ya mfululizo husoma kama 15. Ile ya kwanza itakula ampea 3 au 4 bila kupumzika, ichemke, kisha ing'ang'anie, na asubuhi betri zote mbili ziko tupu porini. Kinachojiendesha chenyewe kwa kupima volti ni bora zaidi. Hicho huunganisha kwenye volti 13.3 hivi na kuachia 12.8 hivi, na unaweza kukijaribu kwenye betri ya gari lolote linalowashwa na kuzimwa.

Sasa vya silikoni. Hapa balbu na kiberiti havitoshi, na hapa ndipo ningekushauri usibane matumizi. Ile moduli ya LM2596 ya kushusha volti 12 hadi 5 inapatikana kila mahali, na sehemu kubwa ya zilizopo zina chipu iliyobandikwa jina tu. LM2596 halisi hufanya kazi kwa masafa ya kilohezi 150. Hizo nyingine hukimbia kwenye 50 hivi, wakati koili na kapasita (vifaa vya kutunza chaji) za bodi zimechaguliwa kwa 150. Matokeo yake koili inachemka, umeme unatoka na mawimbi, na simu ya mgeni inachaji kidogo inaacha. Kama mita yako inapima masafa, ipe moduli mzigo wa ampea 1, gusa mguu wa 2 wa chipu na hasi, usome. Kwa mosfeti ya IRLZ44N, ambayo miguu yake ni geti, dreni na sosi, weka balbu ya wati 55 kati ya chanya na dreni, sosi kwenye hasi, geti ipe volti 5 kutoka pawabenki ambayo hasi yake umeiunganisha na hasi ya betri. Kati ya dreni na sosi usome kama volti 0.1. Ikizidi robo volti, si hiyo. Angalia pia isiwe IRFZ44N: herufi moja tu inatofautiana, lakini hiyo inataka volti 10 kwenye geti ifunguke vizuri.

Kapasita chukua za nyuzi joto 105 na volti 35 au 50. Za 85 waachie watengeneza redio za nyumbani. Kila joto likipungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hukaribia kuongezeka mara mbili, na ndani ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hakuna baridi.

Kuna kifaa kimoja ambacho maduka mengi hayana na mafundi wengi hawakiulizi: dayodi ya kuzuia miruko ya volti. Terminali ya betri ikilegea kwenye barabara ya makorongo huku alteneta inachaji, volti inaweza kuruka hadi karibu 100 kwa sehemu ya sekunde. LM2596 imeandikiwa 40. SMBJ24A inazuia kwenye 38.9, ila ni ya miruko midogo tu. Kwa mruko wa betri kuchomoka kabisa chukua SM8S24A, yenye kizuizi kile kile na kifua kikubwa zaidi, uiweke baada ya fyuzi. Mbili zinatosha gari zima. Hizo volti ni za gari la 12. Kwa Fuso utachagua namba nyingine.

Vifaa hivi, pamoja na chipu zozote, agiza Mouser, DigiKey, Farnell, RS au TME ya Poland. Hao wanauziwa na viwanda moja kwa moja. Na usinitegemee mimi kwa hilo: fungua tovuti ya kiwanda chenyewe, kina orodha ya wauzaji wake walioidhinishwa. LCSC ya China ni nafuu na inafaa kwa rezista na kapasita. Ukitafuta, chuja kwa AEC-Q100 kwa chipu, AEC-Q101 kwa dayodi na transista, AEC-Q200 kwa rezista na kapasita. Hayo ni majaribio ya vifaa vya magari: joto, unyevu, mtikisiko.

Usafiri ndio unaoumiza, kwa hiyo kusanya oda za mafundi wanne au watano mlipie mara moja. TRA hukokotoa ushuru juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT. Mwambie muuzaji aandike kila kifaa kwa jina na namba ya kundi lake la forodha: 8541 kwa dayodi na transista, 8542 kwa chipu, 8532 kwa kapasita, 8533 kwa rezista. Akiandika "spea za gari" tu, mzigo unaweza kuhesabiwa kwenye kundi jingine lenye kiwango kingine, na kulirekebisha hilo ni kazi ya siku kadhaa. Betri za lithiamu usichanganye humo, zitachelewesha boksi lote.

Nairobi pia ni karibu, na Luthuli Avenue ina maduka mengi ya elektroniki. Ila usidanganywe Namanga kwamba cheti kile rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinakuvusha bure. Kile ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Chipu ya China haiwi ya Kenya kwa kulala Nairobi usiku mmoja. Beba risiti, utangaze.

Kariakoo inafaa kwa waya, rilei, soketi na taa, ukiweza kumkwepa winga, yule dalali anayekupeleka dukani. Si mtu mbaya, lakini bei yake iko ndani ya bei yako, na kesho ukirudisha kifaa humwoni. Kama huendi mwenyewe, omba video fupi, si picha: namba ya kifaa ionekane, mita iguse, usomaji uonekane. Lipa kwa Lipa Namba yenye jina la duka, dai risiti ya EFD, na mzigo ukipakiwa kwenye basi taka namba ya gari na ya risiti ya kifurushi kabla halijatoka Dar.

Konekta, za mwisho. Mpya za bei rahisi terminali zake huwa za chuma. Sumaku ikinata, acha. Kwa wanaouza nosikati, yaani sehemu za mbele za magari zilizokatwa, utapata za Yazaki na Sumitomo zilizotoka na gari kutoka Japani, na plastiki yake ni imara kuliko nyingi za boksini. Nunua dume na jike pamoja, na mwambie akate akiacha mkia wa waya wa sentimita 20. Akikata kwenye shingo, umenunua takataka. Kagua raba ya kuzuia maji na kile kiulimi cha kufungia. Kikiwa kimekatika, bei ishuke au uache.

Nitumie picha ya ile konekta ya nyuma ya dashibodi uliyosema huipati, kwa mbele na kwa pembeni, ukiweka rula juu yake, na uhesabu tundu. Jumanne napita kwa mchinja magari.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako