Mhariri, na mafundi wa vyombo vya angani waandikeni

Mhariri,

Salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Kila mkiandika habari za anga za juu tunaona roketi imeruka na rubani anapunga mkono basi, fundi hatumuoni kabisa, na hilo linaniuma maana huku tuna vijana wanashinda ufukweni Kibirizi wanafungua mashine za boti na bado nyumbani wanaambiwa ufundi ni wa waliofeli.

Naomba muwaandikie kuhusu mwanaanga Story Musgrave wa Marekani. Alizaliwa 1935 akakulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, toka mdogo anaendesha trekta na mashine za shamba, ikigoma anaitengeneza hukohuko. Sekondari hakumaliza, akaingia jeshini akawa fundi wa ndege, af ndo akarudi shule jamani, akasoma hisabati, biashara, kemia, udaktari, fiziolojia mpaka fasihi! Mtu anapasua wagonjwa, anaandika mashairi, na spana hajaitupa.

Sasa kazi yenyewe. Darubini ya Hubble, ile inayozunguka dunia ikipiga picha za nyota, ilirushwa 1990 ikawa inaleta picha zenye ukungu kwa sababu kioo chake kilisuguliwa vibaya pembeni, kosa lenyewe dogo kuliko unene wa unywele. Miezi michache kabla ya safari ya kuitengeneza, Musgrave aliungua vidole kwa baridi kali kwenye mazoezi, vidole ambavyo ndo kazi yenyewe, lakini akapona na Desemba 1993 akaenda na wenzake sita kwa chombo cha Endeavour, karibu kilomita 600 juu. Siku ya kwanza ya kutoka nje yeye na Jeff Hoffman wakabadilisha jairo, zile zinazoisaidia darubini isiyumbe, wakimaliza milango ya kabati lake ikagoma kufunga, bolti hazikai. Fundi babaishaji angelazimisha akavunja. Musgrave alitumia mkanda wa kukazia, akaivuta milango taratibu mpaka ikakutana, ndo ikafungwa, na glavu nene vile mkononi! Siku zilizofuata wakafunga kamera mpya na vioo vya kusahihisha, na picha zikatoka safi.

Na ana mambo yake. 1996, ana miaka 61, wanarudi duniani na chombo cha Columbia, wenzake wamejifunga kwenye viti yeye kasimama anapiga picha dirishani moto wa kupenya angahewa ukiwaka nje. Mimi nampendea hapo, hajachoka kutaka kujua.

Kigoma thamani ya fundi tunaijua, mafundi wa Kijerumani 1916 wakati wa vita waliipaka grisi nzito injini ya meli tunayoiita Liemba isishike kutu kabla ya kuizamisha, ikaja kuibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini.

Kwahiyo mhariri hata nusu ukurasa kwa wiki unatosha, wiki hii fundi wa angani, wiki ijayo wa huku kwetu. Na mkimtuma mwandishi Kibirizi aende jioni, asubuhi mafundi wanahangaika na boti za abiria hawana nafasi ya kuongea.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma