Tujifunze kujumlisha Fomu 34A wenyewe kabla ya Agosti 2027

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa hapa kwetu aliniletea laptopu ya mjukuu wake, zile za mtumba zinazotoka Uingereza. Tundu la chaja lilikuwa limelegea. Ukiushika waya ukaukaza upande mmoja, taa inawaka, ukiuachia, inazima. Nilipokuwa nimeinama na kilehemu, nikiyeyusha risasi ya zamani ili nipachike tundu jipya, mzee aliketi kwenye benchi akafunua gazeti lako. Alipofika kwenye kurasa za siasa akaniuliza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa mashine. Hiyo seva wanayoipigania kila tukipiga kura, iko wapi hasa? Na ufunguo anao nani?"

Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu mkono ulikuwa na moto. Baadaye nilijiona nimemkosea heshima. Mzee amepiga kura tangu enzi za mlolongo, na aliuliza swali ambalo Wakenya wengi wanaliuliza. Seva ni ile kompyuta kuu ya tume ya uchaguzi, IEBC, inayopokea matokeo. Naomba nafasi nimjibu kikamilifu, yeye na wengine wanaoamini kwamba kura zetu zinaishi ndani ya mashine ambayo hatutaiona kamwe.

Kura zetu zinahesabiwa kwa mkono. Zinahesabiwa darasani, juu ya dawati, kura moja baada ya nyingine ikiinuliwa juu mawakala wa vyama waione. Msimamizi wa kituo anaandika hesabu ya urais kwenye Fomu 34A, mawakala wanatia sahihi, na nakala moja inabandikwa mlangoni. Hapo ndipo KIEMS, kile kifaa cha mkononi cha tume, inapoingia: inapiga picha ile karatasi na kuituma. Asubuhi ilikuwa imetutambua kwa alama za vidole, jioni inakuwa tarishi. Matokeo ya vituo yanajumlishwa kwenye Fomu 34B katika kila eneobunge, yote 290, kisha Fomu 34C inajumlisha ya nchi nzima. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikata kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, na kwamba tume Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha.

Kwa hiyo mzee wangu, ufunguo unaoutafuta umebandikwa kwa gundi kwenye mlango wa darasa. Mtu akichezea tarakimu ndani ya seva, karatasi ya mlangoni itamsuta, mradi yuko mtu aliyeipiga picha na anayejua kujumlisha. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa maana picha tunapiga, tena nyingi, kisha zinazama kwenye simu pamoja na picha za harusi.

Sisemi kwamba mashine zisichunguzwe. Machi 2013 kompyuta za kutambua wapigakura zilizima katika vituo vingi, betri zikaisha kwenye madarasa yasiyo na umeme, makarani wakarudi kwenye daftari. Betri naijua, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Betri iliyokaa stoo miezi mingi hudanganya: kioo kinakuonyesha imejaa, lakini ukiitwika kazi inashuka kabla hujamaliza chai. Mimi siiamini asilimia ya kwenye kioo. Naiacha mashine ifanye kazi mpaka izime yenyewe huku natazama saa. Mashine zote zitakazotumika 2027 zipimwe vivyo hivyo, kutwa nzima, bila waya, mbele ya mawakala wa vyama.

Mwaka huo huo wa 2013 tuliona kwenye runinga kura zilizoharibika zikipanda hadi zaidi ya laki tatu. Nchi ilishtuka. Mwenyekiti wa tume wa wakati ule akaja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Kosa la namna hiyo haliniogopeshi sana, maana hata kijana wa kidato cha pili akiwa na fomu mkononi angeligundua. Linaloniogopesha ni kwamba lilikaa hewani muda wote ule na sisi tukilitazama tu, kwa kuwa hakuna mwananchi aliyekuwa na kitu cha kulinganishia.

Halafu ikaja 2017 na kilio cha "fungueni seva". Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba 1, lawama kubwa ilikuwa kwenye usafirishaji wa matokeo. Mshindi alitangazwa wakati maelfu ya Fomu 34A hayajaonekana, na tume ilikuwa imekwisha kusema kwamba zaidi ya vituo 11,000 kati ya 40,883 havina mtandao wa kutosha. Mahakama iliamuru seva zikaguliwe, amri haikutekelezwa ipasavyo, na majaji wakaihesabu hiyo dhidi ya tume. Nakubaliana na uamuzi ule mpaka leo. Tangu hapo, hata hivyo, neno seva limekuwa kama jina la jini. Kila anayeshindwa analitaja, na anayelitaja haulizwi fomu zake ziko wapi.

Sasa nieleze tulichofanya hapa Agosti 2022, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha mimi.

Tume iliweka Fomu 34A kwenye tovuti wazi, kituo kwa kituo, karibu vyote 46,229, mtu yeyote apakue. Nilikuwa na laptopu niliyoiunda kutokana na maiti mbili: kioo na kibodi vya moja, bodi na prosesa vya nyingine, diski mpya ya kielektroniki badala ya ile ya zamani ya kuzunguka, na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ndani yake kwa sababu Windows ilikuwa inaikaba. RAM ilikuwa GB 4 tu. Vijana watatu wa jirani walichanga bando. Hatukujitwika nchi nzima. Tulichukua vituo kumi na kimoja vya shule mbili za msingi tulizopigia kura sisi na wazazi wetu, basi.

Kazi tuliigawa. Mmoja anapakua fomu, mmoja anasoma tarakimu kwa sauti, mmoja anaandika kwenye jedwali la LibreOffice, na mimi narudia kusoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Kila fomu tuliipitisha kwenye maswali yale yale. Kura za wagombea wote wanne ukizijumlisha, zinafika jumla ya kura halali iliyoandikwa chini? Kura halali ukiongeza zilizoharibika, zinazidi waliosajiliwa? Waliosajiliwa wanapita 700, ambayo ndiyo kikomo cha kituo kimoja? Mawakala wametia sahihi, na kama hawakutia, kuna sababu? Jedwali linajibu matatu ya kwanza lenyewe ukishaliwekea kanuni: seli inageuka nyekundu hesabu isipokaa sawa.

Kwenye fomu ya saba seli ikageuka nyekundu. Jumla yetu ilizidi ya msimamizi kwa kura 9. Mara moja kijana mmoja akasema, "Hiyo ndiyo! Wameiba!" Akashika simu aitume picha kwenye makundi yote aliyomo. Nikamwambia subiri kwanza. Mwalimu aliyenifundisha hesabu za biashara alitupa kanuni moja ambayo sijawahi kuiacha: tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Tukarudi kwenye picha ya fomu, tukaikuza mpaka wino ukaonekana umetawanya. Iliandikwa 312. Sisi tulikuwa tumeandika 321.

Kijana aliweka simu chini. Tulinyamaza kidogo, kila mtu akifikiria ile picha ingekuwa imefika wapi kufikia wakati huo.

Fomu ya tisa ilitusumbua zaidi, maana hatukuweza kujua kama ile ni 1 au ni 7. Asubuhi wawili wetu tulikwenda shuleni kwa miguu. Karatasi ilikuwa bado mlangoni, pembe moja imenyofoka, na kwenye nakala ile kalamu ilikuwa imekandamiza vizuri: ni 7. Tuliipiga picha mlango mzima, na jina la shule likionekana juu. Vituo vyote kumi na kimoja vikakaa sawa na vya tovuti. Mgombea niliyempigia kura hakushinda nchini, na siku zile niliumia. Lakini hakuna mtu ambaye angeweza kuniambia chochote kuhusu shule zile mbili, wala wa upande ulioshinda wala wa upande wangu.

Siku hizo hizo runinga zilikuwa zinatutia kiwewe, runinga hii mgombea huyu anaongoza, ile anaongoza yule. Wengi walidhani kuna uongo. Ukikaa na fomu unaelewa haraka: kila chombo kilikuwa kinachukua fomu kwa mpangilio wake, wengine wameanza Nyanza, wengine Bonde la Ufa. Baadaye baadhi ya jumla zilisimamishwa kimya kimya, na ukimya ule ulizaa uvumi mwingi. Vyombo vya habari, likiwemo gazeti lako, Mhariri, vingetusaidia sana kama mara hii vitatuambia kila saa ni vituo vingapi vimejumlishwa na ni vya kaunti zipi.

Kisha Agosti 15 yakatangazwa matokeo Bomas, ukumbi wa Nairobi yalikokuwa yakijumlishwa, na makamishna wanne wa tume wakayakataa. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia za wagombea zinajumlika kuwa 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni sawa na zaidi ya kura laki moja. Niliandika kura za wagombea wanne kwenye jedwali nikiwa nimesimama: 7,176,141, kisha 6,942,930, kisha 61,969 na 31,987. Jumla ni 14,213,027. Gawanya kila moja na usikate desimali, unapata 50.48989, 48.84906, 0.43600 na 0.22505. Zote nne, ukiziandika kwa nafasi mbili za desimali, zinasogezwa juu: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Ndiyo hiyo 0.01 iliyozidi. Si kura za mtu yeyote. Na hata zingekuwa kura, asilimia 0.01 ya milioni 14 ni kama 1,421, haikaribii laki. Majaji saba wa Mahakama ya Juu waliyakubali matokeo Septemba 5, lakini kufikia siku hiyo wiki tatu zilikuwa zimepita watu wakinunishana sokoni kwa sababu ya hesabu ya dakika mbili. Makamishna wale ni watu wazima wenye elimu na dhamana kubwa. Iliniuma kwamba hakuna aliyeishika kalamu kabla ya kushika kipaza sauti.

Ndiyo maana nayaomba haya mapema, kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027.

Tume ichapishe fomu kwa picha kama 2022, na pembeni iweke zile tarakimu kwenye jedwali linaloweza kupakuliwa. Picha elfu arubaini na sita haziwezi kusomwa na vijana wanne wenye laptopu moja, lakini jedwali lake linafunguka hata kwenye mashine ya miaka kumi na mitano. Atakayetaka kuhakiki atachukua picha za kwao alinganishe.

Vyama navyo viwalishe mawakala wao. Nasema hili kwa uchungu. Pesa za magari ya vipaza sauti na fulana huwa zipo, lakini wakala anakaa darasani tangu alfajiri na maji ya chupa moja, na ikifika saa nne usiku ameondoka au anatia sahihi bila kusoma. Yeye ndiye mtu pekee wa chama anayeiona hesabu ikiandikwa. Mpeni chakula, nauli, na simu yenye chaji.

Na vijana wenzangu wa mafundi, tuna nafasi ambayo hatukuwa nayo. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na ofisi nyingi zinatupa kompyuta nzima kabisa kwa kuwa hazipokei Windows 11. Nazipata kwa bei ya chuma chakavu. Unaifungua, unapuliza vumbi kwenye feni, unafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, unaweka Linux kwa flashi, na mashine inarudi kufanya kazi kwa miaka mingine. Kwa kujumlisha kura haihitaji hata intaneti ya kudumu. Kila wadi ikiwa na mashine mbili za namna hii na vijana wanne wanaojua kanuni ya 9, wa upande wowote, nadhani kelele za seva zitapungua sana.

Mzee alipokuja kuchukua laptopu Jumatatu nilimfungulia lile jedwali la 2022. Alitafuta shule yake, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kila safu polepole. Akaniuliza ninafundisha siku gani. Nikamwambia Jumapili alasiri, karakana ikiwa imefungwa. Amesema mjukuu atakuja, na yeye pia atakuja. Mashine mbili ziko tayari. Ya tatu inasubiri kibodi.

Fundi wa kompyuta,
Mariakani, Kaunti ya Kilifi