Kabla Hujahamia Sitalike: Barua kwa Mwanangu

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku ni wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Nimesoma kwa makini ujumbe wako kwamba umekata shauri kutoka huko Moshi na kuhamia Sitalike, kijiji kilicho pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kwamba ungependa kufika kabla kiangazi hakijakolea ili uwahi msimu wa wageni. Mama yako aliuliza kwanza kama huko kuna hospitali, kisha akauliza utalala wapi. Mimi sikupingi. Nilifundisha katika Wilaya ya Mpanda wakati ingali sehemu ya Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaundwa mwaka 2012, na naijua ile nchi kiasi cha kukuambia kwa uhakika kwamba kijana mwenye elimu yako anaweza kuishi kule na kuishi vizuri. Ila nimeona kwamba katika maelezo yako yote umeitaja hifadhi tena na tena, wala maisha ya kijiji chenyewe hukuyataja hata mara moja. Mwanangu, hifadhini hutakuwa na makazi. Makazi yako yatakuwa kijijini, maji utateka kijijini, ukiugua usiku utabebwa na watu wa kijijini, na hata kazi unayoitamani kuna uwezekano mkubwa utaisikia kwanza kutoka kwa jirani. Kwa hiyo ninakuomba upange safari hii kama mtu anayehamia kijiji, na barua yangu yote inahusu jambo hilo.

Nianze na kazi, kwa kuwa ndiyo inayokupa haraka. Katavi si Serengeti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, lakini wageni wanaofika ni wachache na kambi za kitalii ni za kuhesabika. Kambi hizo huishi kwa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mto Katuma hupungua hadi kubaki madimbwi, viboko kwa mamia wakabanana kwenye tope, mamba wakajificha katika mashimo ya kingo, na nyati wakatanda katika mbuga za Katisunga na Chada. Hapo ndipo wageni huja na wafanyakazi huhitajika. Mvua zikishika, mbuga hizo hujaa maji, udongo mweusi hunasa magari, kambi nyingi hufungwa, na aliyeajiriwa kwa msimu hubaki bila mshahara. Usipange maisha yako kwa hesabu ya miezi ya neema peke yake. Kabla hujaondoka, jiulize utakula nini Machi.

Ajira za serikali ni njia nyingine, nazo zina utaratibu wake. Nafasi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au za TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia mapori ya akiba ya jirani kama Rukwa na Lukwati, hutangazwa hadharani na huombwa kwa kufuata tangazo. Hakuna mtu Sitalike, hata awe na sare na gari, mwenye uwezo wa kukuuzia nafasi hizo. Atakayekuomba fedha ya kukuingiza kazini ni tapeli, nawe usijadiliane naye. Kama nia yako ni kuongoza watalii, kamilisha mapema leseni yako chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, maana nyaraka za ofisini zinafuatiliwa kwa urahisi zaidi ukiwa Moshi kuliko ukiwa Sitalike.

Ukipata mwajiri binafsi, dai maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi: kazi yenyewe, siku ya kuanza, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, mahali pa kazi, na pia mahali ulikoajiriwa. Watu wengi husaini bila kukitazama kipengele hiki cha mwisho. Ajira ikikomea mahali ambapo sipo ulikoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au kukulipa gharama ya safari hiyo. Maana yake ni kwamba ukifanyiwa usaili na kuajiriwa ukiwa Moshi, nauli ya kurudi iko mikononi mwa mwajiri. Ukienda mwenyewe ukaajiriwa Sitalike, nauli ni yako. Sikuambii usiende mwenyewe. Ninakuambia uweke nauli ya kurudi mahali ambapo hutaigusa, na usiihesabu kuwa fedha ya matumizi.

Zaidi ya kambi, zipo kazi ambazo vijana wa vyuo huzipita bila kuziona. Nyumba za wageni za Mpanda na Sitalike zinahitaji watu wanaojua kuandika hesabu na kuzungumza na wageni. Wakulima wa mpunga na mahindi wanahitaji mtu wa kuwatafutia soko. Ukielekea Inyonga, wilayani Mlele, utakuta asali ya miombo, asali nzuri kweli, ambayo wazee bado huirina katika mizinga ya magome, na ambayo hupoteza thamani kwa sababu ya kuchujwa vibaya na kufungashwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Wewe ulisoma biashara ya utalii; kufungasha asali na kuiuza kwa wageni hakuko mbali na uliyofundishwa, na ni kazi isiyokufa mvua ikinyesha. Sijui kama utaipenda, lakini itazame kabla hujaikataa.

Sasa nyumba, na hapa naomba usome polepole.

Usilipie chumba kwa simu. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ukishaitoa, hairudi. Fikia kwanza Mpanda mjini, ambako si mbali, kwani kutoka hapo hadi Sitalike hakufiki kilomita 40, kisha nenda kijijini ukatazame kwa macho yako, asubuhi na jioni. Jioni ina umuhimu wake. Mto Katuma unapita pale pale kijijini na una viboko, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, akafuata njia ile ile kila siku. Njia yake utaitambua: ina mifuo miwili sambamba na tuta la nyasi katikati, kwa sababu miguu yake imeachana na tumbo liko chini, na vichaka vya kando utavikuta vimetapakazwa kinyesi ambacho hukirusha kwa mkia. Nyumba iliyo kati ya mto na malisho, au yenye njia ya namna hiyo nyuma ya choo, usiipange hata ukipewa bure. Uliza choo kiko wapi na unakifikiaje usiku. Kiboko anayezibiwa njia ya kurudi majini hana subira na mtu.

Tafuta chumba ndani ya ua wa familia, chenye ukuta wa matofali ya kuchoma, bati, dirisha lenye wavu usiotoboka, na mlango unaofungika kwa ndani. Wewe ni binti unayekwenda peke yako mahali ambapo hakuna anayekujua, na mama wa nyumba anayejua saa unazorudi ni ulinzi mkubwa kuliko kufuli. Ukipewa malazi kambini, yapokee, lakini kumbuka kwamba hema la mfanyakazi huondoka pamoja na kazi. Nimewaona vijana walioambiwa kambi imefungwa, wakashushwa na mabegi yao barabarani bila kuwa na pa kwenda. Kwa hiyo, hata ukiwa na kitanda kambini, endelea kulipia chumba chako kijijini. Utaona ni hasara kulipia chumba usicholala, lakini kihesabu kama mbegu ambayo mkulima haili hata njaa ikibisha hodi.

Siku ya kwanza au ya pili, kabla hujaanza kutafuta chochote, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukajitambulishe, kisha kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Chukua barua ya utambulisho kutoka huko ulipo, kitambulisho chako cha taifa, na nakala za vyeti. Usikasirike ukiulizwa maswali mengi kuhusu asili yako. Mkoa ule una makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyopokea ndugu zetu wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970, na viongozi wamezoea kuhakiki nyaraka za kila mgeni. Jibu kwa heshima. Mwenyekiti aliyekuona ukija kumsalimu kabla hujawa na shida yoyote ndiye atakayelitaja jina lako meneja wa kambi atakapouliza kama kuna binti mwaminifu anayejua Kiingereza.

Umeandika pia kwamba kuna mtu anauza eka mbili karibu na mpaka wa hifadhi kwa bei ndogo, na kwamba unafikiria kuzichukua. Usitoe hata shilingi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu mmoja, hata akiwa mwenyekiti mwenyewe, hawezi kukupa haki kwa karatasi iliyopigwa muhuri gizani. Omba uonyeshwe mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, uone eka hizo zimepangiwa nini: makazi, malisho, msitu, au ushoroba, yaani mapito ya wanyama. Bei huwa ndogo kwa sababu. Hata kama ardhi ni halali, shamba la mahindi mpakani ni chakula cha tembo, na malipo ya serikali yanayoitwa kifuta jasho, chini ya kanuni za 2011, ni ya kukupoza tu; hayarudishi ulichopoteza. Panga nyumba angalau kwa mwaka wa kwanza, upite kiangazi na masika, ndipo uzungumzie ardhi.

Kuhusu afya, mama yako ametaka nikuandikie hili kwa urefu. Hospitali ipo Mpanda. Malaria unaijua, na chandarua utakitumia. Mgeni kwako atakuwa nzi aitwaye mbung'o. Huwafuata wanyama na magari yanayotembea, huuma hadi kupenya nguo nyepesi, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana utaona vitambaa vya rangi hizo, vilivyotiwa dawa, vimetundikwa mitini hifadhini ili kuwavuta na kuwaua. Acha suruali zako za jinzi za buluu huko Moshi, uvae khaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Mbung'o ndiye anayeeneza malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na malale ya upande wetu huu wa Afrika huua upesi yasipotibiwa. Ukipata homa, ukapimwa malaria na isionekane, au ukiona kidonda chenye uvimbe pale ulipoumwa, mwambie daktari waziwazi kwamba unaishi Katavi na umeumwa na mbung'o, nawe uombe upimwe malale. Usisubiri homa ipoe yenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo halimo katika sheria yoyote. Wapimbwe na Wabende ndio wenyeji wa nchi ile, na jina Katavi linatokana na Katabi, mzimu ambao wazee husimulia kwamba makao yake yako kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu wamekuwa wakipeleka sadaka. Sisi tuna dini yetu, na hakuna atakayekutaka uiache. Lakini ukiwapeleka wageni mahali hapo, au ukisimulia habari zake, zungumza kama mtu aliye katika nyumba ya wenyewe, na kabla ya hapo nenda kwa mzee mmoja wa kijiji umwombe akueleze. Waongozaji wengi husimulia walichosoma. Ukisimulia ulichofundishwa na wazee, kwa ruhusa yao, wageni watatambua tofauti na kijiji kitakuheshimu.

Safari yenyewe haina ugumu. Basi la Tabora hupita Sikonge na Koga hadi Mpanda, na ukipenda unaweza kuchukua treni kutoka Tabora kupitia Kaliua, kwa njia ile ya reli iliyojengwa zamani kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mimi ningechagua treni, kwa kuwa inakuonyesha ukubwa wa misitu ile kabla hujaanza kuishi ndani yake, lakini kama una mizigo mingi panda basi.

Mwalimu niliyefundisha naye bado anaishi Mpanda pamoja na mkewe. Nimezungumza nao, na wamekubali kukupokea hadi utakapopata chumba. Ukifika utawaita baba mdogo na mama mdogo, utafanya kazi za nyumbani kama unavyofanya hapa, na huyo mama mdogo ndiye utakayekwenda naye kutazama vyumba, kwani anawafahamu watu wa Sitalike na hatanyamaza akiona unapunjwa. Nijulishe siku utakayoondoka ili niwape taarifa. Mama yako ameshakushonea mashati ya khaki ya mikono mirefu na atayatuma Moshi pamoja na chandarua. Na mwajiri yeyote akikupa mkataba, upige picha kurasa zote, unitumie niusome kabla hujatia saini, hata kama atakuambia gari linaondoka.

Ni mimi, baba yako.